Samuel Johnson: Mtunga Kamusi na Mpaka wa Maana

Utangulizi

Msomaji wa nathari ya Kiingereza hakwazwi na maneno magumu pekee. Mara nyingi hukwazwa na maneno mepesi ambayo anadhani anayajua. Huenda alikwisha kufundishwa kwamba ‘ground’ ni ardhi, kisha akakumbana na sentensi inayotaja ‘ground’ ya maoni ya mtu fulani. Katika sentensi hiyo hakuna udongo wala shamba. Msomaji hana budi kuamua iwapo neno hilo limetumiwa kwa maana yake ya msingi au kwa maana ya sitiari, na akikosea hapo, hoja nzima ya mwandishi humponyoka.

Tatizo hili si geni kwa Mswahili. Anayekula ugali, anayekula kiapo na anayekula hasara hawafanyi tendo moja, ingawa kitenzi ni kimoja. Mzungumzaji mzawa huzitenganisha maana hizo bila hata kufikiri. Mtunga kamusi hana bahati hiyo. Yeye hulazimika kusema wazi, tena kwa maandishi, ni wapi maana ya msingi inakoma na ni wapi sitiari inaanza. Miongoni mwa waliolibeba jukumu hilo kwa ajili ya lugha ya Kiingereza, hakuna aliyejulikana zaidi ya Samuel Johnson. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa kuufuata uzi huo mmoja: jinsi alivyojaribu kuuchora mpaka kati ya maana hizi mbili, jinsi mpaka huo ulivyomshinda mahali fulani, na sababu iliyomfanya asiuache.

Kuzaliwa na Masomo

Johnson alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji wa Lichfield, Uingereza. Babake, Michael Johnson, alikuwa muuza vitabu ambaye biashara yake haikumpa utajiri. Mamake aliitwa Sarah. Tangu uchanga wake mtoto huyu aliandamwa na maradhi ya tezi yaliyomwachia makovu na kulidhoofisha mno jicho lake moja. Mnamo 1712 alipelekwa London ili aguswe na Malkia Anne, kwa kuwa watu wengi wa zama hizo waliamini kwamba mguso wa mtawala huponya ugonjwa huo. Haukumponya. Maisha yake yote Johnson alisoma akiwa amekisogeza kitabu karibu kabisa na uso wake.

Duka la babake ndilo lililokuwa chuo chake cha kwanza. Humo alisoma kila kilichomjia mkononi, na shuleni akakibobea Kilatini, lugha ambayo baadaye ingemsaidia kuona mizizi iliyojificha chini ya maneno ya Kiingereza. Mwaka wa 1728 alijiunga na Chuo cha Pembroke katika Chuo Kikuu cha Oxford. Karo ilimshinda na akaondoka baada ya miezi 13 hivi, bila shahada. Inasimuliwa kwamba viatu vyake vilikuwa vimetoboka hata vidole vikaonekana. Msamaria mmoja alipomwekea jozi mpya mlangoni pa chumba chake, Johnson alivitupa kwa hasira. Umaskini aliuvumilia, lakini kuhurumiwa hakukuweza.

Babake alifariki mwaka wa 1731 bila kuacha mali ya maana. Kijana huyu alijaribu ualimu, hakudumu nao. Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka wa 1735, kilikuwa tafsiri ya safari za Jerónimo Lobo, padre Mreno aliyeishi Uhabeshi katika karne ya 17. Mwaka huo huo alimwoa Elizabeth Porter, mjane aliyemzidi umri kwa miaka 20 hivi. Walifungua shule huko Edial, karibu na Lichfield, lakini wanafunzi walikuwa wachache mno. Mmoja wao alikuwa David Garrick, ambaye baadaye alivuma kama mwigizaji mkuu wa jukwaa la Kiingereza. Shule ilipofungwa, mwalimu na mwanafunzi waliandamana kwenda London mwaka wa 1737 kutafuta riziki.

Mpango wa 1747

Jijini London, Johnson aliishi kwa kalamu yake. Aliandikia jarida la Gentleman's Magazine lililomilikiwa na Edward Cave, akatunga shairi lililolikosoa jiji hilo mnamo 1738, na mwaka wa 1744 akatoa wasifu wa Richard Savage, mshairi fukara aliyekuwa rafiki yake. Jina lake lilikuwa limeanza kujulikana, lakini mfuko wake ulikuwa bado mtupu. Ndipo kundi la wauza vitabu lilipomwendea na pendekezo la kuandika kamusi ya Kiingereza. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi wa Juni 1746. Malipo yalikuwa paundi 1,575, na kutokana na fedha hizo ilimpasa pia kuwalipa wasaidizi wake. Johnson aliahidi kuikamilisha kazi hiyo kwa miaka mitatu. Ikumbukwe kwamba Akademia ya Ufaransa, yenye wanachama 40, ilikuwa imetumia zaidi ya miaka 50 kabla ya kutoa kamusi yake mnamo 1694.

Mwaka wa 1747 Johnson alichapisha mpango wa kazi yake, akauelekeza kwa Bwana Chesterfield, mkuu aliyetarajiwa kuwa mfadhili. Katika mpango huo alieleza namna atakavyozipanga maana za kila neno. Kwanza ingetangulia maana asilia, yaani ile inayohusu kitu kinachoonekana au kushikika. Baada yake zingefuata maana zilizozaliwa na hiyo ya kwanza, na hatimaye maana ya sitiari. Neno ‘ground’ lilikuwa miongoni mwa mifano yake. Maana yake ya awali ni ardhi ambayo ndege huiangukia au mwogeleaji huifikia. Kutokana na hiyo huja maana ya kitu chochote kilicho chini ya kingine, kama vile rangi ya kitambaa ambayo juu yake yamefumwa maua. Mwisho ni maana ya mbali zaidi, pale neno linapotaja msingi wa maoni ya mtu.

Mfano wake wa pili unafunza zaidi. Kitenzi ‘arrive’ kilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya ukingo wa maji, na maana yake asilia ni kufika pwani kwa chombo. Baadaye kilitumiwa kwa kufika mahali popote, iwe kwa bahari au kwa nchi kavu. Kisha kikachukua maana ya sitiari, yaani kukipata kitu kilichotamaniwa, kama vile cheo. Johnson aliongeza jambo ambalo msomaji wa haraka asingeliona: kwa sababu abiria wa chombo huitamani pwani, kitenzi hiki hukubaliana na mambo ya heri pekee. Mtu hufika kwenye furaha. Mwandishi anayesema kwamba mtu amefika kwenye taabu kwa kitenzi hicho huwa anakejeli. Hapa Johnson alionyesha kwamba maana ya msingi haifi sitiari inapozaliwa. Huendelea kuishi ndani yake na kuamua ni maneno gani yatakayoandamana nayo.

Mtazamo huu ulikuwa na uzito wa pekee katika zama zake. Mnamo 1667 Thomas Sprat, katika historia yake ya jumuiya ya wanasayansi wa London, aliwashambulia waandishi waliopamba nathari kwa tamathali. John Locke naye, katika insha yake kubwa ya 1690 kuhusu akili ya binadamu, alizihesabu tamathali kuwa hila zinazopotosha panapotafutwa maarifa. Hata hivyo, Locke huyo huyo alikiri kwamba maneno ya mambo ya akilini yalichotwa kutoka kwa mambo ya hisia. Johnson alimsoma Locke kwa makini na kuchota sentensi nyingi kutoka kwake. Alifahamu kwamba sitiari haikuwa pambo tu lililobandikwa juu ya lugha, bali ilikuwa njia mojawapo ambayo lugha hukulia.

Gough Square

Kazi ilifanyiwa katika nyumba ya Gough Square, ambayo hadi leo huhifadhiwa kama makumbusho. Chumba cha juu kilipangwa kama ofisi, na humo walifanya kazi wasaidizi sita, watano kati yao wakiwa Waskoti. Utaratibu wao ulikuwa huu: Johnson alisoma kitabu, akapigia mstari neno alilolitaka, akatia alama mahali sentensi inapoanzia na inapoishia, kisha akaandika pambizoni herufi ya kwanza ya neno hilo. Wasaidizi walizinakili sentensi hizo kwenye vipande vya karatasi. Waliomwazima vitabu walivipokea vikiwa vimejaa alama.

Kutokana na utaratibu huo Johnson aliingia matatani. Alikuwa ameanza kwa kupanga ngazi za maana kabla ya kukusanya ushahidi wote. Utafiti wa Allen Reddick, uliochapishwa 1990, umeonyesha kwamba muswada wa kwanza ulikwama na ikabidi uachwe. Vijisehemu vilivyotengewa kila maana havikutosha. Sentensi za akina Shakespeare, Bacon, Dryden na Addison hazikukubali kuingia katika vyumba alivyozijengea. Kila moja ililitumia neno kwa namna iliyotofautiana kidogo na nyingine. Johnson alilazimika kuanza upya, safari hii akiziacha sentensi zenyewe zimwonyeshe maana. Kazi ya miaka mitatu ikawa ya miaka tisa hivi.

Miaka hiyo haikuwa ya kamusi pekee. Kati ya 1750 na 1752 aliandika jarida la The Rambler, ambalo lilitoka mara mbili kwa wiki hadi kufikia matoleo 208. Machi 1752 mkewe alifariki, na Johnson akazama katika huzuni ambayo haikumtoka kabisa hadi kufa kwake.

Kamusi ya 1755

Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755 katika mabuku mawili makubwa. Ilikuwa na vidahizo zaidi ya 42,000 na dondoo takriban 114,000 kutoka kwa waandishi wa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Oxford, ambacho aliondoka bila shahada, kilimtunuku shahada ya uzamili kabla tu kamusi haijatoka. Bwana Chesterfield alikuwa amempuuza kwa miaka mingi, kisha kazi ilipokaribia kukamilika akaandika kuisifu. Johnson alimjibu kwa barua ya kuukataa ufadhili uliokuja baada ya dhiki kupita.

Katika kamusi hiyo, sitiari yenyewe ilifasiliwa kuwa ni kulitumia neno mahali ambapo maana yake ya asili hairuhusu, kama vile kuitia hasira hatamu au majira ya kuchipua kuyaamsha maua. Johnson alieleza kwamba sitiari ni tashbihi iliyofumbatwa ndani ya neno moja. Hiki ni kipimo ambacho msomaji anaweza kukitumia: akilirudisha neno kwenye maana yake ya msingi na sentensi ikakataa, amekutana na sitiari, na akitaka kuielewa, yampasa auone mlinganisho uliofichwa. Hatamu ni ya farasi. Hasira haina kinywa cha kutiwa hatamu. Basi hasira inalinganishwa na farasi.

Hata hivyo, katika dibaji yake Johnson aliungama kwamba kipimo hicho hakitoshi kila mahali. Aliyataja maneno ambayo sitiari imeifukuza kabisa maana ya asili. ‘Ardour’ kwa asili ni joto, na ‘flagrant’ ni chenye kuwaka moto, lakini hakuwa na hakika iwapo Waingereza waliwahi kuyatumia kwa maana hizo. Aliiweka maana ya asili mwanzoni ijapokuwa hakuwa na dondoo la kuithibitisha, ili msomaji aione njia iliyopitiwa na maana zilizofuata. Ugumu mwingine ulikuwa wa vitenzi vidogo vya kila siku. Kitenzi ‘take’ pekee kilimdai maana zaidi ya 100. Katika vitenzi vya aina hiyo, maana moja huyeyukia katika nyingine bila mstari wa kuzitenga, na mtunga kamusi huchora mstari kwa sababu ni lazima auchore. Aidha, Johnson alikubali kwamba tumaini lake la kuizuia lugha isibadilike lilikuwa la bure.

Francis Barber na Neno ‘Utumwa’

Pengine mtu angeuliza, kama mpaka wenyewe hauonekani vizuri, kwa nini kujisumbua nao? Jibu lilikuwa likiishi ndani ya nyumba ya Johnson. Wiki chache tu baada ya kifo cha mkewe, aliletewa mtoto wa miaka kumi hivi aitwaye Francis Barber. Mtoto huyu alizaliwa katika utumwa kwenye kisiwa cha Jamaika na kuletwa Uingereza mwaka wa 1750 na Kanali Richard Bathurst, ambaye mwanawe alikuwa daktari na rafiki wa Johnson. Wosia wa Kanali huyo ulimpa Barber uhuru na paundi 12. Johnson alimweka nyumbani kwake kama mtumishi na baadaye akagharimia masomo yake.

Miaka ilipita, na makoloni ya Uingereza huko Marekani yakaanza kulalamikia kodi walizotozwa bila wao kuwakilishwa bungeni. Waandishi wao walipenda kusema kwamba wamegeuzwa watumwa. John Dickinson, wakili wa Pennsylvania, aliandika hivyo katika barua zake za 1767 na 1768 ilhali yeye mwenyewe alikuwa akimiliki watumwa, ambao alianza kuwaacha huru mnamo 1777. Mwaka wa 1775 Johnson alichapisha kijitabu cha kuitetea serikali. Kijitabu hicho kilikuwa kikali, na wapinzani wake walisema kwamba kililipiwa na pensheni ya serikali. Lawama hiyo haikukosa msingi, kwani serikali ndiyo iliyomwomba akiandike. Lakini humo mlikuwa na swali moja ambalo halijazeeka: ilikuwaje vilio vikubwa zaidi vya kudai uhuru vikasikika kutoka kwa watu waliokuwa wakiwaswaga watumwa?

Swali hilo ni la kisiasa, na wakati huo huo ni la kimaana. Kwa mlipa kodi wa Pennsylvania, utumwa ulikuwa sitiari. Kwa aliyezaliwa kama Barber, utumwa ulikuwa neno katika maana yake ya msingi: kumilikiwa, kuuzwa na kurithiwa pamoja na mifugo. Mwandishi akilitumia neno hilo kwa sitiari hadi maana ya msingi ikasahaulika, mateso halisi ya watu halisi hufunikwa na malalamiko ya mabwana zao. Johnson, aliyezoea kuitanguliza maana ya msingi hata ilipokuwa imechakaa, hakukubali kuisahau hiyo. Mnamo 1777 alimtungia rafiki yake James Boswell hoja za kumtetea Joseph Knight, Mwafrika aliyekuwa akidai uhuru wake katika mahakama za Uskoti. Knight alishinda kesi hiyo Januari 1778.

Miaka ya Mwisho

Kamusi ilimpa Johnson sifa, haikumpa fedha. Mwaka wa 1756 alikamatwa kwa deni dogo, akaokolewa na mwandishi wa riwaya Samuel Richardson. Mnamo 1759 mamake alifariki, naye akaandika katika jioni za wiki moja hadithi ya Rasselas, mwanamfalme wa Uhabeshi, ili apate fedha za mazishi na madeni. Unafuu ulikuja 1762, alipopewa pensheni ya paundi 300 kwa mwaka. Alitoa tamthilia za Shakespeare pamoja na maelezo yake mnamo 1765, akaifanyia kamusi marekebisho makubwa katika toleo la nne la 1773, na mwaka huo huo akazuru visiwa vya magharibi ya Uskoti pamoja na Boswell.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa wasifu wa washairi wa Kiingereza, uliotoka kati ya 1779 na 1781. Humo alirudi kwenye suala la sitiari. Aliwalaumu Cowley na wenzake kwa kuyafunga pamoja kwa nguvu mambo yasiyofanana. Aliwapinga pia waliodai kwamba nathari ya Jonathan Swift haina sitiari hata moja. Kwa maoni yake sitiari zimo, ila ni chache, na zilitokana na lazima kuliko hiari. Jambo hili ni funzo kwa wahakiki: hata nathari iliyo kavu namna gani haiwezi kuepuka sitiari kabisa.

Johnson alifariki tarehe 13 Desemba 1784 na kuzikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Sehemu kubwa ya mali yake, pamoja na mpango wa kumlipa paundi 70 kila mwaka, alimwachia Francis Barber. Wako walioudhika kwamba mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa amerithi kiasi hicho. Barber alihamia Lichfield, mji alikozaliwa bwana wake, na akafariki mwaka wa 1801.

Hitimisho

Kamusi kuu ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 na ya mwisho 1928, iliifuata njia ya Johnson ya kuzithibitisha maana kwa dondoo, ingawa ilikuwa na ushahidi mwingi kuliko wake. Yapo aliyoyakosea, hasa katika asili za maneno. Lakini aliacha mafunzo matatu yanayoweza kumfaa yeyote anayesoma nathari, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili. La kwanza ni kwamba maana ya neno haiamuliwi na neno peke yake, bali na sentensi lilimokaa na maneno linaloandamana nayo. La pili ni kwamba sitiari haieleweki mpaka maana ya msingi iliyo chini yake itambuliwe. La tatu ni kwamba ugumu wa kuuona mpaka si sababu ya kuufuta. Wanafunzi wa Kiswahili, ambao baadhi yao ndio watakaotunga kamusi za kesho, watakutana na kula, kupiga, kushika na vitenzi vingine visivyo na mwisho. Watakapofika hapo, watafahamu kwa nini kazi ya miaka mitatu ilimchukua Johnson tisa.